Virusi Sugu vya Kompyuta ya Nyumbani: Kwa Nini Hurudi, na Namna ya Kuving'oa

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha kata na walimu, viongozi wa vikundi, wamiliki wa steshenari na wananchi wengine



Jambo nililoombwa kulizungumza leo lisingepata nafasi katika ajenda ya kata miaka 15 iliyopita. Wakati huo kompyuta ilikuwa mali ya ofisi, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni. Sasa imeingia majumbani. Mwalimu hujumlisha alama za wanafunzi akiwa sebuleni kwake. Katibu wa kikundi cha akina mama hutunza humo hesabu za marejesho ya mkopo wa asilimia 10 unaotolewa na Halmashauri. Kijana mwenye steshenari karibu na stendi huskani vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya watu asiowajua hata majina. Mashine ya namna hiyo ikivamiwa, anayepata hasara si mwenye mashine peke yake.

Tunapotamka neno virusi mitaani, huwa tunakusanya vitu vingi katika kapu moja. Wataalamu huviita kwa ujumla programu hasidi, yaani programu zilizoandikwa kwa nia mbaya: ziko zinazojinakili zenyewe kutoka mashine hadi mashine, ziko zinazopeleleza na kuiba nywila, ziko zinazojaza matangazo, na ziko zinazofunga mafaili kisha zikadai fedha. Sitawachosha kwa mgawanyo huo. Malalamiko yanayofika mezani kwangu ni ya aina moja: "Nimempa fundi fedha yangu, akasafisha kompyuta, na haukupita muda virusi vimerudi vilevile." Nataka tukae na neno hilo, kurudi, kwa sababu asilimia kubwa ya fedha na muda tunaopoteza hupotelea hapo.

Wakulima waliomo humu wanamjua dumuzi, yule mdudu wa mahindi ambaye wengi wetu tunamwita Skania. Ukianika mahindi ukayapepeta, ukamwondoa mdudu unayemwona, kisha ukayarudisha kwenye kihenge kilekile, atakula tena, kwa sababu dumuzi hutoboa na miti ya ghala na hujificha humo. Mahindi yamesafishwa, ghala halikusafishwa. Virusi sugu vya kompyuta vina tabia hiyohiyo. Faili linaloonekana na kufutwa huwa ni sehemu moja tu ya kitu chenye maficho kadhaa, na maficho hayo hulindana.

Ficho la kwanza ni katika mambo ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe inapowashwa. Mfumo endeshi wa Windows una orodha ya programu za kuanza nao kila asubuhi. Una daftari kubwa la ndani liitwalo rejista. Tena una ratiba ya kazi, inayoweza kuiamuru mashine ifanye jambo fulani kila baada ya dakika kadhaa. Programu hasidi iliyoandikwa kwa ustadi hujiandikisha kote huko. Mlinzi wa virusi akifuta faili leo jioni, ile ratiba huamka baada ya saa moja, ikaona pengo, ikaenda kwenye intaneti kuchukua nakala mpya. Mwenye kompyuta husema virusi vimerudi; kwa kweli havikuwahi kuondoka.

Ficho la pili ni flashi, na hapa nitakaa kidogo, maana kwa kata yetu ndilo kubwa kuliko yote. Kuna aina ya kirusi ambayo kila mwalimu aliyemo humu amekutana nayo: unachomeka flashi, unakuta mafolda yako yamegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo pembeni, au folda moja tu lenye jina la flashi yenyewe. Watu wengi huamini mafaili yao yamefutwa, wakakimbilia kufomati flashi, wakazipoteza kazi za muhula mzima kwa mikono yao wenyewe. Mara nyingi mafaili hayo yapo. Kirusi kimeyaficha tu, kisha kimeweka mahali pake kijia cha kubofya. Ukikibofya, kinakufungulia folda lako ili usishtuke, na papo hapo kinajipandikiza katika kompyuta. Tangu dakika hiyo, kila flashi itakayochomekwa katika mashine hiyo itaambukizwa.

Sasa fikirini safari ya flashi moja. Asubuhi iko shuleni, mchana iko steshenari kuchapisha mtihani, jioni iko nyumbani kwa mwalimu, kesho kutwa imeazimwa na katibu wa kikundi. Mwalimu husafisha kompyuta yake kwa fedha nzuri, kisha huchomeka tena flashi ileile. Hapo fundi hana kosa lolote.

Anayetaka kuyapata mafaili yaliyofichwa asianze na flashi. Aanze kuisafisha kompyuta, la sivyo kirusi kitayaficha tena mara moja. Kompyuta ikishakuwa safi, achomeke flashi bila kubofya kialama chochote ndani yake, aikague kwa mlinzi wa virusi, kisha afungue dirisha la amri la Windows na kuandika hivi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Herufi E ibadilishwe kwa herufi ambayo kompyuta imeipa flashi hiyo. Amri hii huondoa alama za kufichwa, na mafolda huonekana tena. Ayanakili mahali salama, ndipo aifomati flashi.

Ficho la tatu huwashangaza hata mafundi. Kivinjari cha intaneti, kama vile Chrome au Edge, huruhusu viongezeo vidogo, na baadhi ya viongezeo hivyo ni hasidi: hubadilisha ukurasa wa kutafutia, hujaza matangazo, hupeleleza unachoandika. Mtu huviondoa, hata pengine huifuta Chrome na kuiweka upya, lakini mara anapoingia kwa akaunti yake ya Google, kiongezeo kilekile hujitokeza. Sababu ni kwamba mipangilio ya kivinjari huhifadhiwa katika akaunti na husawazishwa na kila mashine anayoitumia. Basi dawa ni kuuzima kwanza usawazishaji, kuviondoa viongezeo, kuirudisha mipangilio ya kivinjari katika hali ya mwanzo, na kuhakikisha hata kompyuta yake nyingine imesafishwa kabla ya kuuwasha usawazishaji tena.

Niseme pia, kwa faida ya wanaotozwa bure, kwamba si kila tangazo linaloruka kwenye kona ya kioo ni kirusi. Mara nyingi ni tovuti fulani uliyoiruhusu kukuletea taarifa, kwa kubofya kibali bila kusoma. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya taarifa za tovuti, uondoe ruhusa hiyo. Kazi ni ya dakika mbili na haistahili kulipiwa. Vilevile, likitokea onyo kubwa lenye mlio likisema kompyuta yako imeharibika na kukupa namba ya simu ya kupiga, jueni huo ni utapeli. Microsoft imekwisha kueleza kwamba maonyo yake ya kweli hayana namba ya simu. Funga kivinjari, kikigoma, zima mashine.

Tuje katika kung'oa kwenyewe. Naomba wenye kalamu waandike, kwa kuwa mpangilio wake una maana.

Kwanza, ikateni kompyuta kutoka katika intaneti: zimeni Wi-Fi, chomoeni modemu, zimeni data ya simu mnayoichangia. Kwa kufanya hivyo mnaizuia programu hasidi kuita wenzake na kuzipeleka mbali siri zenu. Pili, msiingie kwa nywila yoyote katika mashine hiyo, wala ya barua pepe wala ya benki, mpaka ithibitike kuwa safi. Tatu, nakilini nyaraka zenu za lazima kwenye flashi au diski ya nje: barua, majedwali, picha. Msinakili programu. Na chombo hicho kihesabiwe kuwa kichafu hadi kitakapokaguliwa.

Ndipo ukaguzi uanze, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kumtuma mlinzi wa virusi amkamate mvamizi wakati Windows yote inafanya kazi, na mvamizi naye yuko kazini, ni kumkimbiza mwizi ndani ya nyumba anayoijua kuliko wewe. Windows 10 na Windows 11 zina ukaguzi unaofanyika kabla mfumo haujaamka, uitwao Microsoft Defender Offline. Hulipii chochote. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, bofya "Scan options," kisha chagua ukaguzi huo wa nje ya mfumo. Hifadhi kazi zako mapema, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka upya. Ukaguzi wenyewe huchukua takriban dakika 15. Ni kawaida kukuta kirusi kilichowashinda walinzi wengine wakati Windows inafanya kazi kinanaswa hapa, kwa kuwa hakijapata nafasi ya kuamka na kujitetea.

Baada ya hapo, washa kompyuta katika hali salama, ambayo Windows huamka na mambo ya lazima tu. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuwasha upya. Katika kioo cha bluu kitakachotokea chagua "Troubleshoot," kisha "Advanced options," kisha "Startup Settings," na mashine ikiwaka tena bonyeza 4. Humo ondoa programu usizozitambua, kagua orodha ya zinazoanza pamoja na mashine, kagua na ratiba ya kazi. Halafu omba macho ya pili: ziko programu za ukaguzi zisizolipiwa, kama vile Malwarebytes, au Microsoft Safety Scanner, ambayo nakala yake hudumu siku 10 tu tangu ipakuliwe, ili mtumiaji asikague kwa orodha ya zamani. Ipakueni katika mashine safi. Walinzi wawili wa kudumu wasiwekwe pamoja katika kompyuta moja, maana hugombana wenyewe kwa wenyewe. Ila mkaguzi wa kupita hana ubaya.

Ikiwa baada ya haya yote dalili zinarudi, rai yangu ni moja, na najua baadhi ya mafundi hawaipendi: acheni kusafisha, wekeni Windows upya. Nimeona watu wakitumia siku 4 kuwinda faili moja. Mashine iliyovamiwa na kusafishwa mara mbili bila mafanikio haiaminiki tena, hata ikionekana imetulia, na hasa kama ndiyo inayoshika fedha za kikundi. Windows ina njia yake ya kujirudisha upya, nayo hukupa chaguo la kubakiza mafaili au kufuta vyote. Kwa virusi sugu, chagueni kufuta vyote, baada ya kuhakikisha nyaraka zimenakiliwa. Mkichagua kuipakua Windows kutoka intaneti, mjue inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando. Njia nyingine, ambayo mimi naiona bora, ni kuandaa flashi ya kuwekea Windows katika kompyuta safi, kwa programu inayotolewa na Microsoft yenyewe. Flashi iwe na ukubwa usiopungua GB 8, na iwe haina kitu cha thamani kwani itafutwa yote. Kama Windows ya mashine hiyo ilikuwa halali, itajitambua yenyewe baada ya kuwekwa. Hamtahitaji kununua tena.

Katika hatua hii mtu anaweza kuambiwa kwamba kirusi kimeingia kwenye mazabodi, hivyo anunue diski mpya au mashine mpya. Virusi vinavyoweza kujificha chini ya mfumo endeshi vipo. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kukuta kimoja, ikakiita LoJax. Lakini hicho kilikuwa silaha ya kipelelezi iliyolengwa kwa taasisi za serikali huko Ulaya. Uwezekano wa kitu kama hicho kuifuata kompyuta ya steshenari yetu ni mdogo mno, na ninaomba yeyote anayeambiwa hivyo amuulize fundi amethibitisha kwa njia gani, kabla hajafungua pochi.

Yapo mambo ya kufanya baada ya mashine kupona, na watu huyaruka kwa furaha ya kuona kioo kimetulia. Programu za wizi wa nywila hazihitaji kukaa muda mrefu. Huzikusanya nywila zote zilizohifadhiwa katika kivinjari, pamoja na vile vidakuzi vinavyoifanya tovuti ikukumbuke bila kukuuliza, zikavituma, na kazi yao ikawa imekwisha. Kuifomati kompyuta hakurudishi kilichokwisha kuibwa. Kwa hiyo, mkiwa katika mashine safi, badilisheni nywila mkianza na ya barua pepe, kwani kwa kutumia barua pepe mtu anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Kisha katika mipangilio ya akaunti, amuruni vifaa vyote vitolewe nje, ili vile vidakuzi vilivyoibwa vikose kazi. Washeni na uthibitisho wa hatua mbili. Katibu wa kikundi awaarifu na wenzake. Kukaa kimya kwa aibu kunawaacha wanachama wakipokea ujumbe wa kitapeli kwa jina lake.

Kuhusu wale wanaofunga mafaili na kudai malipo, nitasema kwa ufupi. Msilipe kwa haraka, kwa sababu hakuna dhamana kwamba mtapewa ufunguo. Msifute mafaili yaliyofungwa. Tangu mwaka 2016 upo mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na Polisi ya Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, nao hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Hauna dawa ya vyote. Toeni taarifa polisi. Uingiliaji wa namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Atakayepona kwa hakika ni yule mwenye nakala rudufu katika diski isiyokaa imechomekwa, kwani diski iliyochomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Sasa mlango. Virusi vingi tunavipokea kwa mikono miwili. Yule anayeweka Windows au programu za ofisi za wizi huhitaji kifaa kidogo cha kuvunja leseni, na kifaa hicho humwambia azime mlinzi wa virusi kwanza. Ndugu zangu, mtu akikuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani, umuulize anataka nini. Ikiwa leseni ni ghali, iko LibreOffice, hailipiwi, na inafungua majedwali na barua zenu.

Masasisho nayo msiyaogope kwa sababu ya bando. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizikumba kompyuta katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba ufa huo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Na wenye Windows 10 wajue kwamba muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kupokea Windows 11, na isiyoandikishwa katika masasisho ya ziada ya usalama, isitumike kwa shughuli za fedha.

Wenye steshenari nina neno nanyi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na vyeti mnavyoviskani. Nimekuta kompyuta zenye folda la miaka 3 la vitambulisho vya wateja, likiwa mezani wazi. Ukimaliza kazi ya mteja, mfutie faili lake mbele yake, na usisahau kapu la taka la kompyuta. Flashi ya mteja ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, hata foleni ikiwa ndefu.

Wakati wa kupeleka mashine kwa fundi, mwambieni dalili zilianza lini na baada ya kuweka kitu gani. Muulizeni atafanya nini kabla hajafanya. Wala msimpe nywila ya barua pepe, kwani haihitaji kwa kazi hiyo. Wataalamu wa Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri wana wajibu wa mifumo ya serikali, hivyo hawawezi kuchukua matengenezo ya kompyuta za watu binafsi. Ushauri wanatoa.

Wameleta mashine moja, ile iliyo kwenye meza ya dirishani, kwa ajili ya kukagua flashi. Walimu na makatibu wa vikundi waanze kupita kwa zamu, kijiji baada ya kijiji. Flashi itakayokutwa na maambukizi itarudishwa kwa mwenyewe pamoja na karatasi yenye ile amri niliyoitaja, na mafaili yake hayatafunguliwa na mtu yeyote.